Steringi na Mwenye Jicho: Shaka wa Televisheni na Shaka wa Vitabu

Katika semina zetu za Fasihi ya Kiafrika kuna jambo moja ambalo limekuwa likinikera, na naona ni afadhali niliweke hapa hadharani kuliko kuendelea kunung'unika nalo bwenini. Kila tunapoifikia riwaya ya Thomas Mofolo iitwayo Chaka, lazima atokee mwenzetu mmoja aseme, "Huyu si ndiye yule wa kwenye TV?" Basi, mjadala umekwisha. Badala ya kumjadili Chaka wa Mofolo tunaanza kumjadili Henry Cele, kifua chake na mkuki wake, na saa ya semina inatuishia hivyohivyo.

Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nimeitazama Shaka Zulu mwanzo hadi mwisho, sehemu zote kumi, si mara moja wala mbili. Ule wimbo wake ulioimbwa na Margaret Singana nikiusikia mpaka leo nywele zinanisimama. Kwa hiyo makala haya hayakusudii kumkataza mtu asitazame. Yanakusudia kueleza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, sisi wanafunzi wa fasihi tunalifahamu vizuri sana tukiwa na kitabu mkononi, lakini tunalisahau mara tu taa zinapozimwa na picha inapoanza. Jambo lenyewe ni hili: katika filamu zinazosimulia habari za mashujaa wa kale, swali la kwanza si kama mambo yalitokea hivyo kweli, wala si jeshi lilikuwa kubwa kiasi gani. Swali la kwanza ni nani ameshika jicho.

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Filamu hizi nitaziita filamu za kitendi, kwa sababu zinafanya kazi ileile inayofanywa na utendi: kumchukua mtu mmoja mkubwa na kumbebesha historia ya watu wake. Najua neno hili lina ugomvi wake. Ruth Finnegan mwaka 1970 alitilia shaka kama Afrika ina utendi kwa maana halisi ya neno hilo, na Isidore Okpewho akamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979. Ugomvi huo waalimu wetu wanaujua zaidi yangu, siuingii. Ninachotaka ni jina tu.

Mtaani kuna istilahi nyingine ambayo naipenda zaidi: steringi. Kila aliyekulia karibu na kibanda cha video anaijua kanuni yake, kwamba steringi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega. Akitumbukia mtoni ataibukia mbele. Lakini shujaa wa utendi ana desturi tofauti kabisa, yeye lazima afe, na mara nyingi huuawa na mtu wa ndani. Fumo Liyongo katika utendi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913 anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, na hata baada ya kufa bado amepiga goti na upinde mkononi, watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Shaka naye aliuawa Septemba 1828 na ndugu zake wa baba, Dingane na Mhlangana, wakisaidiwa na Mbopha. Ndiyo maana watazamaji wa kibandani huwa wanatoka wamenuna picha ya Shaka inapokwisha. Wamekuja na kanuni ya steringi wakakutana na kanuni ya utendi.

Sasa, watu wakitoka kuitazama filamu ya kitendi huihukumu kwa mambo mawili. Moja ni ukubwa. Tunaambiwa kwamba mazishi katika Gandhi ya mwaka 1982 yalipigwa picha na watu wapatao 300,000 wakiwa barabarani Delhi, nasi tunashika vichwa. Tunaambiwa Ben-Hur ya 1959 ilizoa tuzo 11 za Oscar, nasi tunasema kweli ile ndiyo picha. La pili ni ukweli. Hapo ndipo wasomi wanapojitokeza. Braveheart ya 1995, watasema, imewavalisha Waskoti wa karne ya 13 nguo ambazo hazikuvaliwa mpaka karne ya 16. Na eti Vita vya Daraja la Stirling vimepiganwa mle bila daraja! Ni kweli, na inachekesha. Lakini hebu tujiulize: kama Mel Gibson angejenga daraja, je, ile filamu ingekuwa imebadilika maana yake? Hata kidogo. Wallace angebaki yuleyule na Mwingereza yuleyule. Daraja ni suala la mandhari. Jicho ni suala la itikadi, na itikadi haionekani kwenye orodha ya makosa ya mavazi.

Turudi kwa Shaka. Tamthilia ya Shaka Zulu ilitengenezwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, chini ya mwongozaji William Faure, ikaonyeshwa mwaka 1986. Tarehe hiyo tuikumbuke. Serikali ya makaburu ilikuwa imeiogopa televisheni kwa muda mrefu hata ikaikataa nchini kwao hadi mwaka 1976. Hali ya hatari ilitangazwa katika baadhi ya wilaya Julai 1985, na katika nchi nzima Juni 1986. Wanajeshi wamejaa kwenye vitongoji vya Waafrika, dunia inasusia bidhaa na wasanii wa nchi hiyo, na katikati ya moshi huo shirika la serikali linatumia fedha nyingi kumtengenezea mfalme Mwafrika picha kubwa kuliko zote ilizowahi kutengeneza, kisha linaiuza mpaka Marekani. Mtu mwenye akili lazima aulize: kulikoni?

Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi, ni kwamba walitaka kumtukana Mwafrika. Silikubali moja kwa moja. Cele hakucheza tusi. Alikuwa ameshamcheza Shaka jukwaani kabla ya hapo, na kabla ya jukwaa alikuwa golikipa, na anavyosimama tu unajua kwamba huyu ni mtu wa kuamrisha. Nandi aliyechezwa na Dudu Mkhize ni mama mwenye hadhi na hasira zake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegeuzwa kikaragosi. Kama ni tusi, basi limefichwa mahali pengine, na sisi wahakiki ndio tunaopaswa kulitafuta.

Limefichwa katika usimulizi. Tamthilia haianzi kwa Shaka. Inaanza kwa Waingereza, huko London na Cape, wanaozungumza kwa wasiwasi juu ya mfalme mmoja wa kutisha aliye mbali ambaye hawajapata kumwona. Kisha wanatumwa watu kwenda kwake, akiwemo Luteni Farewell, aliyechezwa na Edward Fox, na daktari Henry Francis Fynn, aliyechezwa na Robert Powell. Fynn huyu ndiye sauti inayotusimulia. Tunasafiri naye, tunashuka naye ufukweni, tunashtuka naye, na tunamwona Shaka kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuwa Shaka, mfalme aliyekaa tayari na jeshi limetanda. Habari za Nandi na Senzangakhona, mimba, kufukuzwa, utoto wa mateso, zote zinakuja baadaye kwa kurudishwa nyuma, zikiwa kama faili ya mgonjwa ambayo daktari anaisoma ili aelewe ugonjwa umeanzia wapi.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Tunapofundishwa juu ya nafsi za usimulizi tunaambiwa kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza anatupa ukaribu na anatunyima mapana. Katika Shaka Zulu ukaribu wote amepewa Fynn. Yeye ana mashaka, ana dhamiri, anabadilika mawazo. Shaka hana ndani. Ana matendo tu, na matendo yasiyo na ndani lazima yaonekane ama ya ajabu ama ya kikatili. Akiua tunaona anaua. Anachowaza hatukijui isipokuwa Fynn atukisie. Kwa hiyo Cele angeweza kucheza vizuri mpaka mbingu zishuke, bado angebaki kitu kinachotazamwa.

Na huyo Fynn tuliyempa macho yetu ni nani? Katika tarihi, Farewell na Fynn walifika Port Natal mwaka 1824 wakitafuta pembe za ndovu. Hawakutumwa na mfalme wa Uingereza kwenda kumtuliza mtu. Walikuja kufanya biashara. Kitabu kinachojulikana kama shajara ya Fynn kilichapishwa mwaka 1950, naye alifariki mwaka 1861. Mwenzake mmoja, Nathaniel Isaacs, aliyetoa kitabu chake mwaka 1836, alikuwa amemwandikia Fynn barua mwaka 1832 akimshauri kwamba katika kuandika kwake awaonyeshe Shaka na Dingane kuwa wamwaga damu kwa kadiri atakavyoweza, maana vitabu vya namna hiyo vingenunuliwa na pia vingewasaidia katika mambo yao ya ardhi. Barua hiyo ipo, imechapishwa. Nilipoisoma habari yake kwa mara ya kwanza maktaba nilicheka kwa sauti hadi nikakaripiwa. Yaani wahusika wenyewe walikwisha kutuambia kwamba jicho lao lina bei, na miaka 150 baadaye shirika la televisheni likaliazima vilevile lilivyo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kila hadithi lazima ianze mahali, na kwamba mtazamaji wa Ulaya angehitaji Mzungu wa kumshika mkono. Hoja hiyo ya pili ni ya wauzaji, si ya wasanii. Na ile ya kwanza naijibu kwa mfano wa miaka ileile.

Mwaka 1981 Moustapha Akkad, Msyria aliyefanya kazi zake Marekani, alitoa filamu ya Simba wa Jangwani juu ya Omar Mukhtar, mzee wa Libya aliyepigana na Waitalia hadi wakamnyonga Septemba 1931. Filamu hiyo nayo, angalia, haianzi kwa shujaa. Inaanza Roma, Mussolini anamtuma Jenerali Graziani aende Libya akamalize kazi. Mwanzo ni uleule: makao makuu ya adui, ramani, wasiwasi. Lakini kutoka hapo Akkad anafanya kitu ambacho Faure hakukifanya. Hampi Graziani kalamu. Graziani, anayechezwa na Oliver Reed, ni mhusika kamili, mwerevu, mwenye majivuno, wala si mjinga wa kuchekwa. Ila hatusimulii yeye. Tunahama tukaenda kumkuta Mukhtar akiwa na watoto, anawasomesha Kurani, na anapokuwa peke yake tunaruhusiwa kuwa naye. Uzee wake tunauona, uchovu wake tunauona. Katikati ya filamu Akkad anachomeka picha halisi za kambi ambamo Waitalia waliwafungia Walibya, kana kwamba anasema, basi, kama mnataka ushahidi wa mpiga picha wa Ulaya, huu hapa, ila nimeuweka mimi pale ninapotaka.

Na mwisho wake ni miwani. Mukhtar ananyongwa, miwani yake inaanguka, mtoto anaiokota. Kwa wanaosoma makala haya wakiwa na hamu ya ishara, hiyo hapo, haihitaji kutafutwa kwa tochi: mzee amekufa na chombo chake cha kutazamia kimepata mtu wa kukishika. Italia iliifungia filamu hiyo mwaka 1982 kwa madai kwamba inavunja heshima ya jeshi lao, na haikuonyeshwa kwenye televisheni huko mpaka mwaka 2009. Hawakuifungia kwa sababu ya makosa ya mavazi.

Akkad huyohuyo alikuwa ameshalichezea suala la jicho kwa namna ya ajabu zaidi mwaka 1976, katika Risala. Kwa kuwa Mtume haonyeshwi wala sauti yake haisikiki, pale anapopaswa kuwepo kamera inakaa mahali pake, na wahusika wanazungumza wakiikabili. Filamu nzima ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza Anthony Quinn akiwa Hamza, na kwa Kiarabu Abdullah Gaith. Sina nafasi ya kuichambua. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa sinema wanajua vizuri kabisa kwamba jicho ni kitu cha kuchagua. Hakuna anayelishika kwa bahati mbaya.

Haki inanilazimu niseme pia kwamba Simba wa Jangwani ililipiwa na serikali ya Gaddafi, kiasi cha dola milioni 35. Mwenye fedha alikuwa na sababu zake. Lakini katika hili filamu za kitendi hazina upya wowote. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728, nao ulitungwa kwa ajili ya mtawala. Utendi ni fani ya gharama. Farasi wanakula, waandishi wanakula. Kumjua mlipaji ni sehemu ya uhakiki, ila si uhakiki wote, maana wako waliolipwa na wafalme wakatunga vitu vilivyowazidi wafalme wenyewe.

Tukiwa tumeshafika kwenye vitabu, tumtazame sasa Mofolo ambaye semina zetu zinamdhulumu. Mofolo hakuwa Mzulu. Alikuwa Mosotho, msomi wa misheni ya Morija, na Wasotho wanayakumbuka miaka ya vita vile kama miaka ya njaa na kukimbia. Aliumaliza mswada wake karibu mwaka 1910, wamisheni wakaukalia, ukatoka 1925. Chaka wake anafanya mkataba na mganga Isanusi, anamuua mchumba wake Noliwa ili apate ukubwa, na mwishowe mama yake pia. Mkatili? Sana, kuliko hata yule wa televisheni. Lakini Mofolo amempa ndani! Tunamwona kijana aliyepigwa na kudharauliwa akichagua, hatua kwa hatua, na kila hatua anaulizwa kama anataka kurudi. Hilo ndilo ambalo wenzangu hawalioni wanaposema kwamba "Chaka ni yuleyule". Ukatili unaweza kuwa uleule na kitabu kikawa kingine kabisa. Mofolo anaandika kwa jicho la jirani aliyeumizwa ambaye bado anataka kumwelewa aliyemuumiza. Fynn anaandika kwa jicho la mgeni mwenye mzigo wa pembe.

Mazisi Kunene naye, akiwa uhamishoni, alitunga kwa Kizulu utendi mrefu juu ya Shaka na kuutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 1979. Huko Shaka ni mjenzi wa dola, mwenye akili za kisiasa, na Wazungu wanaingia wakiwa wageni wadogo wa pembeni. Miaka saba kabla ya tamthilia ya SABC, kwa hiyo, jicho jingine lilikuwa tayari limeshaandikwa na lingeweza kusomwa na yeyote aliyetaka. Mtu wa SABC aliyeamua kuanzia kwa Fynn alikuwa na vitabu vingine rafuni.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kaka zetu walimwona Shaka kwa mikanda ya video, na sisi tuliokuja baadaye tukamwona kwenye vibanda, picha ikiwa imeshatiwa sauti ya Kiswahili na wale watafsiri wetu maarufu. Wasiowajua nawaeleza: mtafsiri ni mtu mmoja anayezungumza juu ya filamu nzima, anawasemea wahusika wote, wanawake kwa wanaume, na anaongeza ya kwake. Mimi nilikuwa darasa la sita, Tandika, nimekaa kwenye benchi la mbele. Fynn akaanza kusimulia kwa ile sauti yake ya upole. Mtafsiri hakuitafsiri. Alisema hivi, au karibu na hivi: "Huyu Mzungu anaandika barua kwao. Anamchongea mwenyeji wake. Amekula nyama yake, sasa anamchongea." Kibanda kizima kikapiga mayowe.

Kwa miaka mingi nilidhani yale ni masihara tu. Nilipofika chuoni na kusoma mambo ya msimulizi asiyeaminika ndipo nikatambua yule bwana alifanya nini. Kwa sentensi tatu alimvua Fynn usimulizi. Alimwondoa kwenye kiti cha mwenye jicho akamrudisha uwanjani kuwa mhusika kama wahusika wengine, tena mhusika mwenye kosa la kuvunja ukarimu, ambalo mtu yeyote wa Tandika analielewa. Kuanzia hapo kila Fynn alipotazama kitu, sisi tulimtazama yeye akitazama. Picha haikubadilika hata kidogo. Yule mtafsiri alikuwa fanani, na hadhira ilikuwa hadhira ya fanani, inaitikia. Wengi huwadharau watafsiri hawa kwa kuharibu kazi za watu, na kweli kuna wanachoharibu. Nimesikia mmoja akimpa mfalme wa Ufaransa ubini wa Kihaya. Lakini katika uhakiki wa Shaka Zulu bado sijasoma uliofupi na mkali kuliko ule.

Mwaka 2023 Afrika Kusini ilitoa tamthilia nyingine, Shaka iLembe, iliyoonyeshwa kwenye chaneli ya Mzansi Magic. Inazungumzwa Kizulu. Shaka mkubwa ni Lemogang Tsipa, Nandi ni Nomzamo Mbatha ambaye pia alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Hapa hatuanzi London. Tunaanza na koo, na wazee, na mimba ya Nandi kama jambo la aibu na siasa katika nyumba mbili. Shaka hatukutani naye akiwa mfalme. Tunamsubiri azaliwe, na tunapitishwa kwenye utoto wake bila kuharakishwa. Wapo wenzangu walioichoka. Wanasema inakwenda polepole, vita viko wapi? Nadhani wanachokikosa ni Fynn, yule mwongozaji watalii wa kuwaambia hiki ni nini na kile ni nini. Ukiwa ndani ya nyumba hakuna anayekueleza kwamba hii ni nyumba.

Je, basi jicho limerudi kwa mwenyewe na ugomvi umekwisha? Hapana, na hapa natofautiana na wanaoishangilia bila kufikiri. Mwanahistoria Carolyn Hamilton, katika kitabu chake cha mwaka 1998, anatuonya kwamba sura ya Shaka haikubuniwa na Wazungu peke yao; Waafrika wa wakati wake na wa baadaye walishiriki kuitengeneza, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumlaani. Izibongo, ambazo ni nguzo ya kumbukumbu ya Wazulu, zilighaniwa na watu wa mfalme. Shaka iLembe imelitoa jicho mikononi mwa mgeni ikalipeleka ikulu. Zwide wa Wandwandwe na mama yake Ntombazi wamepewa nafasi kubwa mle, na hilo ni jema, lakini wamebaki maadui wa steringi. Mtu ambaye ng'ombe wake walichukuliwa, aliyekimbia usiku na watoto hadi milima ya Lesotho, yeye bado hajapata televisheni. Amepata Mofolo tu. Ndiyo sababu naumia Mofolo anapofunikwa na TV ndani ya chumba cha semina.

Na sisi je? Nimewasikia wengi wakisema ipo siku atatokea mtu wa kutengeneza filamu ya Mkwawa, na kila mmoja anazungumzia fedha za farasi na mizinga. Mimi nawaza kuhusu Lugalo. Agosti 17, 1891, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akipita na kikosi chake kwenye njia nyembamba, Wahehe wamejificha vichakani pande zote. Zelewski aliuawa pale. Sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa juu ya siku ile, na juu ya miaka saba iliyofuata mpaka Mkwawa alipojipiga risasi mwaka 1898 na kichwa chake kuchukuliwa, yaliandikwa na upande uliokuwa ukimwinda. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mwongozaji atakayefika Lugalo na kamera yake atakuta njia na vichaka, na kabla hajaita farasi hata mmoja itambidi achague pa kuisimika: njiani pamoja na wanaokuja, au kichakani pamoja na wanaongoja.